Mstari wa Pili wa Matundu

Kofia inanuka. Watu hawaambiani hilo. Ukiingia kwenye karakana ya mjomba wangu, cha kwanza kukupokea ni vichwa vya watu waliokufa zamani: jasho lao, mafuta yao ya nywele, moshi wa sigara zao. Nimeivuta harufu hiyo miaka sita, tangu nilipoacha shule. Niliacha mwenyewe, sikufukuzwa, nasema mapema usije ukanihurumia bure. Kukaa kwenye dawati kulinishinda. Halafu mama, kwa akili zake, mtoto aliyeshindwa kukaa akampeleka kwa kaka yake kwenye kazi ya kukaa.

Mtaani wananiita Kiroboto. Sina haja ya kueleza kwa nini.

Karakana ni chumba kimoja kirefu chini ya jengo kuukuu, kina dirisha moja, na dirisha lenyewe linatazama ukuta. Ukitaka kujua kama mvua inanyesha, unatoka nje. Ukuta mzima umejaa kalibu, yaani vile vichwa vya mbao tunavyovivika kofia ili zirudi kwenye umbo. Vichwa mia moja na kitu, havina macho, vinakutazama siku nzima. Nyuma kuna pazia, na nyuma ya pazia kuna kitanda cha mjomba. Hana mke, hana mtoto, ana kofia.

Kazi yetu ni kofia za kiume za zamani, zile za felti, ambazo babu zetu walizivaa wakipiga picha. Felti si kitambaa. Haifumwi. Ni manyoya ya sungura yanayopigwa, yanamwagiwa maji ya moto, yanakandamizwa mpaka yanashikana yenyewe na hayawezi kuachana tena. Mjomba hupenda kusema felti ni kama ukoo. Mimi nikisikia hivyo natafuta mlango kwa macho.

Na sisi ni ukoo wenye jina, eti. Babu mzaa mama alikuwa na muhuri wake, jogoo mdogo wa rangi ya dhahabu, anaupiga kwenye ngozi ya ndani, ule mkanda unaogusa paji la uso. Kofia za jogoo. Wazee wakimwona jogoo huyo wanalainika kama wameonyeshwa mchumba wa zamani. Juu ya mlango wetu kuna kibao: Mtengenezaji wa Kofia. Siyo msafishaji. Mtengenezaji. Babu alizitengeneza, mjomba akabaki kuzitunza, na mimi, kwa mpango wa watu wengine, nilitakiwa kuzitunza mpaka nami ninuke hivyo hivyo.

Sasa mwaka huu baraza la mji likaamua kulibomoa jengo lote waweke maegesho ya magari. Wapangaji wa juu wakahama. Mjomba hakuhama. Akaandika barua, akaandika nyingine, ya tatu niliandika mimi kwa sababu macho yake yamekwisha, hata uzi kwenye sindano hatii tena. Ndipo wakatuletea mtafiti.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, begani ana mkoba uliojaa makaratasi, mikononi glavu nyeupe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Karibu ukae. Siyo hapo, hapo pana gundi."

Akakaa kwenye kiti cha pili. Akasema bila kuzunguka, na mimi mtu asiyezunguka nampenda: "Mzee, nikithibitisha kwamba hizi kofia za jogoo zilitengenezwa humu ndani, jengo linaandikwa la kihistoria. Haliguswi."

"Zilitengenezwa humu," mjomba akasema.

"Nitahitaji ushahidi. Na kitu cha pili. Baraza halitaki chumba cha makumbusho chenye vumbi. Linataka karakana hai. Lazima awepo mrithi wa ufundi, mtu wa ukoo, anayeijua kazi, atie sahihi kwamba atafanya kazi humu miaka kumi."

Wote wawili wakanigeukia. Hata zile kalibu naona ziligeuka.

"Miaka kumi, dada?" nikasema. "Hata mwizi wa kuku hafungwi kumi."

"Umesema nini?" mjomba akauliza.

"Nimekohoa."

Mtafiti hakujua kwamba mimi nilikuwa na safari. Kuna kikosi cha kusimika minara ya simu, kinazunguka mikoa yote, leo mlimani, mwezi ujao jangwani. Nyapara wao alinijaribisha. Nilipanda mnara mpaka juu kabisa, upepo unanipiga makofi, na chini hakuna ukuta, kuna dunia. Nilikaa kule mpaka nyapara akapiga kelele, "Wewe! Umeoa huko?" Nafasi akanipa. Gari lingeondoka Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, wala halingojei mtu. Mtafiti alikuja Jumatatu, na karatasi ya sahihi ingeletwa Ijumaa.

Mama nilimwambia. Kosa langu.

"Utaondoka, halafu kaka yangu akalale wapi? Barabarani?"

"Atakaa kwetu."

"Kwetu! Afanye nini kwetu, akae anahesabu nzi? Yule ukimtoa mle ndani hamalizi mwaka."

"Na mimi mkiniweka mle ndani?"

Mama alikuwa anakunja nguo. Akalikung'uta shati langu kama shati ndilo lenye makosa. "Unadhani wewe ndiye wa kwanza kuwashwa na miguu? Mjomba wako alichaguliwa kwenda kujifunza kuendesha treni. Umri wako huo huo. Sanduku alishafunga. Baba akamwambia, sasa jogoo nitamwachia nani? Akalifungua sanduku, akapanga nguo zake kwenye kabati. Hakusema neno. Mimi nilikuwepo."

"Basi angesema neno."

"Ndiyo maana nyinyi wa siku hizi mnasema sana."

Haya. Jumanne tukaanza utafiti. Mtafiti alipita nyumba kwa nyumba akaazima kofia za jogoo ishirini na tatu, zikapangwa kwenye meza kubwa kama wageni wa msibani, kila moja na fomu yake. Yeye alikuwa anajua makaratasi, mimi najua kofia. Nikawa namwonyesha. Hii ukingo wake mpana, ni ya zamani zaidi. Hii ukingo mwembamba, ilikuja fasheni ya baadaye. Utepe huu umebadilishwa, uzi wake ni mpya. Mwenye hii alikuwa anaivua kwa kubana mbele kwa vidole viwili, ona pamechoka. Akawa anaandika mpaka kalamu inalia.

"Umejifunzia wapi?"

"Humu. Nilikosa pa kukimbilia."

Akacheka, akidhani ni utani.

Naye akanieleza ya kwake. Kwamba ng'ambo ya reli palikuwa na kiwanda kikubwa cha kofia, kilifungwa zamani, daftari zake ziliungua, na hakuna anayejua hata jina moja la watu waliofanya kazi mle. Kwamba zamani manyoya ya sungura yalikuwa yanapakwa dawa yenye zebaki ili yashikane, na mvuke wa zebaki ukawaingia mafundi. Mikono ikawa inatetemeka. Wengine walifika miaka arobaini hawawezi kushika kikombe.

"Mzee," akamgeukia mjomba, "marehemu baba yako mikono yake ilikuwa inatetemeka?"

"Baba yangu?" Mjomba akavimba kifua. "Baba yangu angeweza kumnyoa mbu ndevu. Mpaka siku anakufa."

Mtafiti akaandika. Nikaona mwishoni ameweka alama ya kuuliza. Mjomba hakuiona, macho yake hayafiki huko. Mimi niliiona, ikaniganda kichwani: kama alishika zebaki kweli, mbona hakutetemeka?

Jumatano mjomba akaenda kliniki ya macho, nikabaki peke yangu na zile kofia.

Karakana yetu ina sheria moja. Ngozi ya jogoo haifunguliwi. Kofia nyingine yoyote tunafungua, tunatoa ngozi iliyooza, tunashona mpya, kila wiki nafanya hivyo. Lakini ikija ya jogoo, mjomba anaishika mwenyewe, anaifuta, anairudisha. Heshima ya marehemu, alikuwa ananiambia, na mimi sikuwahi kuuliza. Mtu akiwa anatafuta mlango, kabati hafungui.

Siku hiyo nikafungua. Nilichukua ya kijivu, ya mjane mmoja wa jirani, nikakata nyuzi chache pembeni, nikainua ngozi. Chini yake, kwenye felti, palikuwa na mistari miwili ya matundu. Mmoja ulikuwa na uzi wa babu, umepinda kidogo kama mwandiko wa mtu. Mwingine, chini yake, hauna uzi, matundu madogo yamefuatana karibu karibu kama punje za ufuta, yamenyooka.

Hapo lazima nieleze. Sindano ikitoboa felti, tundu halifi. Unaweza kuipiga mvuke, unaweza kuipiga pasi, tundu linabaki. Kofia mpya inashonwa ngozi mara moja, ina mstari mmoja. Kofia iliyobadilishwa ngozi ina miwili, wa fundi wa kwanza na wa fundi wa pili. Hiyo hata mtu aliyeacha shule kama mimi anaijua.

Nikasema labda hii moja babu aliirekebisha. Nikafungua ya pili. Miwili. Ya tatu. Miwili. Nilifungua saba, kidogo kidogo pembeni, zote miwili.

Babu hakutengeneza kofia. Zilikuwa za kiwandani, za wale watu wasio na majina na mikono yao inayotetemeka. Babu alikuwa anazipokea zimechoka, anang'oa ngozi yenye alama ya kiwanda, anashona yake yenye jogoo. Alikuwa fundi wa kubadilisha ngozi. Kama mimi. Mtaa mzima ulikuwa umemvika kilemba cha ukoka, naye akakiona kinamkaa.

Nikacheka peke yangu mle ndani, mbele ya vichwa mia vya mbao. Siyo kwa ubaya. Nilicheka kama mtu aliyekuwa anasukuma mlango miaka sita na kumbe unavutwa. Si ushahidi wanautaka? Ushahidi ndio huu. Hakuna mtengenezaji, hakuna historia, hakuna mrithi. Wala sihitaji kukataa kutia sahihi, wala kugombana na mtu. Nasema kweli tu, basi, Jumamosi niko kwenye gari.

Nikazishona nyuzi zote kama zilivyokuwa. Mjomba aliporudi akaniuliza, "Umekula?"

"Nimekula."

"Mbona una furaha?"

"Naruhusiwa?"

"Haya, furahi. Lakini shusha lile birika, mvuke unaisha."

Alhamisi yote nilinyamaza. Kwangu mimi hiyo ni rekodi.

Ijumaa asubuhi mtafiti akaja na karatasi. Mama naye akaja, amevaa gauni lake la sherehe, kwa sababu baba yake alikuwa anaandikwa kwenye historia. Mjomba amenyoa, amejikata kidevu mahali pawili. Karatasi ikawekwa mezani kati ya burashi na chupa ya gundi. Ilikuwa na nafasi tatu za sahihi, mbili zimeshajazwa.

"Ripoti yangu nimeiandika," mtafiti akasema. "Nasema zilitengenezwa humu. Imebaki sahihi ya mrithi." Akanisogezea kalamu.

"Dada," nikasema, "kabla ya hapo, naomba nikuonyeshe kitu."

Nikachukua ile ya kijivu. Mjomba aliposikia naufungua wembe mdogo, akainuka.

"Ngozi ya jogoo haifunguliwi."

"Nimeshaifungua, mjomba. Jumatano."

Nikakata nyuzi, ngozi yote, nikaing'oa, nikaigeuza kofia chini juu mbele ya mtafiti. Nikamwonyesha mstari mmoja, nikamwonyesha wa pili. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Nikamwambia nimeangalia saba na zote ni hivyo. "Babu hakuzitengeneza. Alizibadilisha ngozi. Huo mstari wa chini ni wa kiwanda chako."

Mama akaweka mkono kifuani. "Wewe mtoto," akasema polepole, "umeanza lini kumtoboa baba yangu?"

"Mama, sikutoboa mimi. Yalikuwepo."

Mtafiti akavaa miwani, akainama mpaka pua ikagusa felti. "Mzee?" akasema.

Mjomba akakaa. Akacheka kidogo. "Binti yangu, umemuuliza huyu kijana kesho anakwenda wapi?"

Mtafiti akanitazama. "Unakwenda wapi?"

"Kuna kazi ya minara," nikasema. "Lakini hilo na hili..."

"Gari linaondoka saa kumi na mbili," mjomba akasema. Nilidhani hajui. "Huyu angekwambia hata kwamba baba yangu alikuwa anauza samaki, mradi atoke. Simlaumu, ni ujana. Ama hayo matundu ya chini, ni bandi."

"Bandi?"

"Kushikiza. Fundi mzuri hashoni ngozi moja kwa moja. Anaipiga bandi kwanza ikae sawa, halafu anashona mstari wenyewe, halafu anafumua bandi. Matundu yanabaki. Baba alikuwa mtu wa uangalifu."

Alisema bila kusita hata kidogo. Maneno yalitoka yamepigwa pasi. Mtu akizua jambo ghafla anagugumia, mimi namjua mjomba, anagugumia hata ukimuuliza saa. Jibu hili halikuzaliwa Ijumaa. Lilikuwa limekaa mdomoni mwake tayari, limemngoja mtu yeyote afungue ngozi, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyefungua.

Alikuwa anajua.

Alikuwa anajua, labda tangu akiwa na umri wangu, labda tangu kabla hajafungua lile sanduku. Aliacha treni yake akaja kulinda jina ambalo alijua ni mstari wa pili.

"Kijana," mtafiti akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. Ripoti alikuwa ameshaiandika. "Wewe ndiye unayejua kazi. Inawezekana ikawa bandi?"

Nilikuwa na jibu. Ni jepesi, ungelielewa hata wewe. Bandi unapiga mbali mbali, upana wa vidole viwili, kwa sababu ni ya kushikiza na utaifumua. Hakuna mtu duniani anayepiga bandi karibu karibu kama ufuta, kichwa kizima, halafu aifumue. Huyo anashona. Ningechukua rula, ningepima mbele yake, ingekwisha dakika moja.

Nikamtazama mjomba. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama upande niliopo, maana macho yake ndivyo yanavyofanya siku hizi, yanakukosa kidogo. Damu ya kidevu ilikuwa imefika kwenye kola ya shati. Mkono wake ulikuwa juu ya meza unaitafuta ile ngozi niliyoing'oa, unapapasa, unagusa burashi, unagusa gundi, hauifikii.

Nikaisogeza ngozi ikafika vidoleni mwake.

"Inawezekana," nikasema.

"Inawezekana au ndivyo?"

"Ndivyo. Ni bandi. Nilikuwa sijui."

Mama akapumua. "Kiroboto, utaniua kwa presha siku moja."

Mtafiti alitabasamu, lakini kalamu hakunisogezea tena. Iliachwa pale pale, nikanyoosha mkono nikaichukua mwenyewe. Niliandika jina langu. Mwandiko wangu mbaya, shule niliacha mapema, likatoka limepinda. Akapuliza wino, akaifunga karatasi kwenye mkoba, akasema kofia zitachukuliwa mchana kwenda kuonyeshwa baraza. Akampa mjomba mkono, akampa mama mkono. Mimi aliponipa mkono alisema, "Hongera," kisha akanitazama sekunde moja zaidi, kama anataka kuuliza, akaacha.

Mama alimsindikiza mpaka barabarani, nikawasikia wanacheka.

Tulibaki wawili. Mjomba akatia birika maji. Mimi nikampigia nyapara simu, nikamwambia nafasi yangu ampe mtu mwingine. Akanitukana, kisha akasema, "Unaumwa?" Nikasema hapana. Akakata.

"Bandi ya karibu vile," mjomba akasema akiwa amenipa mgongo, "mjinga gani anapiga?"

Nikaanza kukusanya burashi mezani.

"Nilidhani utapima."

"Rula iko wapi?"

"Pale pale, juu ya rafu."

"Najua ilipo, mjomba."

Mvuke ukaanza kutoka. Akaja mezani, akaniletea ile kofia ya kijivu na ngozi yake, akaviweka mbele yangu. Akasimama karibu na bega langu. Nilidhani atasema kitu kuhusu treni, au asante, au samahani. Yeye akasema, "Wanakuja kuzichukua saa nane. Usitoboe mapya."

"Sitoboi."

"Pita mle mle."

"Mstari upi?"

Akaipapasa ile felti kwa kidole gumba. "Wa juu," akasema. "Wa baba."

Nikatia uzi kwenye sindano, nikaiinamia kofia pale dirishani palipo na mwanga kidogo, nikaanza kulitafuta tundu la kwanza.